Bibi Namkunda na Vyungu vya Majemedari

Paukwa!

Pakawa!

Pazeni sauti, mbona chakula changu mmekimaliza! Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chenye mashamba mazuri na majemedari wabaya. Desturi ilikuwa hii: kijana akitaka kuongoza askari, kwao wanawapelekea wazee chungu cha chakula. Wazee wanaonja, wanaramba vidole, mwap, mwap, kisha wanamchagua mwenye chungu kinono. Basi wezi wa ng'ombe walipovamia, jemedari alitimua mbio, puku puku puku, akawaacha watu wake wakifa.

Mfalme akamwita Bibi Namkunda, ajuza asiyeogopa mtu.

"Bibi, wezi watarudi wakati wa mavuno. Nichagulie jemedari."

Vyungu vikaletwa. Mrindoko, mjukuu wa Bibi mwenyewe, alileta nyama ya mbuzi. Sekiza, mtoto wa mjane mhamiaji, alileta mlenda. Wazee wakacheka.

"Huu mlenda au makamasi?"

Bibi akainua nyama, pwaa! ndani ya chungu kikubwa. Akainua mlenda, pwaa! Akakoroga.

"Haya, kuleni. Nani jemedari?"

Wazee wakaramba vidole, wasijue kipi ni cha nani.

Akampa kila kijana kundi la askari na mizigo ya mawe. "Zungukeni mlima, mrudi jua halijazama."

Panda, shuka. Panda, shuka. Mrindoko akafika wa kwanza, jasho chururu, peke yake. Watu wake wakaja mmoja mmoja, wanachechemea. Sekiza akaja jua likikaribia kuzama, nyuma ya watu wake wote, kabeba mzigo wake na wa askari aliyeugua njiani.

"Nimemshinda!" Mrindoko akapiga kifua.

"Nyamaza, sijakuuliza wewe." Bibi akawageukia askari. "Kesho mtarudi mlimani na huyu?"

Watu wa Mrindoko wakatazama vidole vya miguu. Watu wa Sekiza wakajibu, "Hata sasa hivi, Bibi!"

Mama yake Mrindoko akaangua kilio. "Mama! Huyu si damu yako?"

"Ni damu yangu. Na hawa aliowaacha njiani, wana maji mwilini?"

Sekiza akapewa mkuki wa ujemedari. Mrindoko akawekwa chini yake. Alivimba kama chura, lakini alikwenda.

Mavuno yakafika, wezi wakaja. Gubu! Gubu! Gubu! Sekiza hakukimbia, basi hakukimbia mtu. Mrindoko alishika kivuko cha mto mpaka wezi wakarudi mikono mitupu.

Jioni akamwendea bibi yake, mguu umefungwa kitambaa.

"Bibi, nafasi ikipatikana tena, naruhusiwa kujaribu?"

"Njoo. Safari hiyo, kabla hujakimbia, uliza nani kachoka."

Mnasikia, enyi wajukuu? Anayetaka kuongoza watu, waulizwe watu hao. Asiulizwe mjomba wake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia, simrudii.