Saa ya Dhahabu ya Bwana Khelefu

Mmekunywa kahawa yangu, mmemaliza kashata zangu, sasa mnataka na hekaya. Mimi si redio. Tena nyie watu wazima, mna wake zenu wanawangoja. Haya, kaeni, ila atakayenikatiza ataosha vikombe.

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Khelefu, mwenye maduka matatu na moyo mdogo kama punje ya ufuta. Binti yake, Sabiha, alipendana na seremala aitwaye Vuai, kijana aliyelelewa na bibi yake. Bibi huyo, Bi Kazija, kazi yake kupika harusi za watu. Posa ilipofika, mahari hayakumsumbua Bwana Khelefu. Alichokigombea ni kilemba, ile zawadi ya baba wa bibi harusi. Wengine hupewa kanzu wakashukuru. Yeye alitaka saa ya dhahabu ya mkononi, la sivyo Sabiha haolewi.

Na saa ya dhahabu mji mzima ilikuwa moja tu. Iko wapi? Dukani kwake. Bei yake? Kiwanja cha Bi Kazija, na nyumba iliyo juu yake. Yaani auze yeye, apokee yeye, na bibi wa watu akalale barazani.

Bi Kazija akajifunga kanga, akaenda dukani. Akaambiwa saa imeshatumika, ndiyo, lakini aliyeitumia ni sultani. Akaomba ifunguliwe mgongo aone ndani.

"Saa ya sultani haivuliwi nguo mbele ya mpishi," akasema Bwana Khelefu. "Nunua kwanza."

"Hata tikiti maji, Bwana, nakatiwa kipande nikaonja."

"Tikiti ni la maskini. Au unaitilia shaka saa yangu?"

"Saa sina ugomvi nayo. Haijasema neno. Anayesema ni wewe."

Akaruhusiwa kuishika tu. Akaipima kiganjani: nyepesi kama ahadi ya mlevi. Akaitega sikioni: inakohoa. Akaifumbata mpaka mkono ukatoka jasho, kisha akajifanya anapangusa pua, akanusa kiganja. Mkono ule ulikuwa umesugua masinia ya shaba miaka arobaini. Harufu ile aliijua kuliko ya marehemu mumewe.

Ungekuwa wewe ungepiga kelele, ukafukuzwa, na Vuai akakosa mke. Bi Kazija alisema anainunua, ila wakaandikiane kwa kadhi.

Huko akaeleza kwa upole kwamba kiwanja atakikabidhi baada ya fungate, siku saba zikiisha, maana harusi itapikwa uani mwake. Bwana Khelefu akaona hilo si neno.

"Na ikiwa si dhahabu?" akauliza Bi Kazija.

"Ikiwa si dhahabu, sikudai hata kuti moja la paa lako."

"Basi imekuwa yangu. Na sasa ipokee, kilemba chako hicho. Utaivaa?"

"Kwa nini nisiivae? Nitaivaa siku zote saba, tena mkono wa kulia, kila anayenipa mkono aione."

Kadhi akayaandika yote, kisha akafungisha ndoa.

Siku saba Bi Kazija akapika. Wali, samaki, mishikaki, kachumbari. Bwana Khelefu ndiye mgeni wa heshima, na sahani yake bibi alimwandalia mwenyewe, mchuzi tele, mchachu. Na mtu mwenye adabu hali kwa mkono wa kushoto. Kila tonge mchuzi ukamchuruzika mpaka kwenye saa. Siku ya kwanza alikuwa akikunja mkono wa kanzu watu waone. Siku ya nne akaushusha. Siku ya sita akasema ameshiba kabla hajakaa.

Siku ya nane akaja kwa kadhi kudai kiwanja, Bi Kazija naye yupo, mkono wa kanzu umemfika kwenye kucha. Kadhi akampa mkono. Bwana Khelefu akatoa wa kushoto.

Kadhi akaurudisha wake kama aliyegusa konokono. Akamuuliza amemkosea nini hata asalimiwe hivyo. Bwana akasema mkono wa kulia unauma. Kadhi akataka auone, akaupandisha mkono wa kanzu. Saa imebabuka nyekundu kama tako la birika, na mkono chini yake kijani kama mchicha.

"Bibi huyu ameibadilisha," akasema Bwana Khelefu.

"Ikiwa mkononi mwako? Basi kama nimekuvua saa usijue, chunga na meno yako," akasema Bi Kazija.

Tajiri akageuza maneno. Kumbe amepewa kilemba cha shaba, basi anamtaka binti yake arudi nyumbani. Kadhi akamwambia ndoa husimama kwa mahari, na mahari Sabiha ameshapokea. Kilemba ni zawadi tu.

"Lakini asinyimwe haki yake, Sheikh," akasema Bi Kazija. "Kilemba ni kibovu kweli, na mimi nimeuziwa. Bwana Khelefu, umedhulumiwa. Mtaje aliyeniuzia, tukamkamate pamoja."

Bwana Khelefu akaushusha tena mkono wa kanzu.

Kadhi akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kilemba chake, akahukumu: kiwanja ni cha Bi Kazija, na Bwana Khelefu amlipe gharama za siku saba za harusi. Bibi azitaje, ziandikwe.

"Mchele walinichangia majirani," akasema Bi Kazija, "nyama alitoa mjomba wake Vuai, na kuni ni zangu. Alipe kitu kimoja tu: gunia la ndimu. Nilidhani nusu ingetosha, lakini dhahabu yake ilikuwa ngumu kuungama."