Dhahabu Iliyotaka Kuhama

Hapo zamani za kale, na wewe unayetafuna muhogo umeze kwanza, maana hadithi hii haitaki kelele, palikuwa na mto ulionyamaza.

Mnacheka? Mto ukinyamaza si jambo la kuchekwa. Maji yalipita, lakini chura halii, ndege hashuki kunywa. Mawe ya ukingoni yalikuwa na rangi ya kutu. Samaki walielea matumbo juu, macho wazi, kama wanaomtazama kila apitaye.

Karibu na mto huo aliishi Bi Pimbi, kamnyama kadogo, mkia hana lakini mdomo anao. Mwanawe Kidawa alikuwa kalala mkekani, midomo imejaa vidonda kwa sababu ya maji yale. Kisima hakikuwepo, na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Mama, nina kiu," Kidawa alilia.

"Najua, mwanangu. Vumilia. Naenda kwa mwenye mlima."

Mwenye mlima alikuwa Mzee Kifaru. Alichimba dhahabu kwa pembe yake, gu! gu! gu! Msimamizi wake, Ngiri, aliosha mchanga, na matope yaliyobaki waliyarundika pale pale mlimani, bila tuta, bila bwawa. Mvua ikidondoka kidogo tu, tiririii! Yote mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

"Mzee, matope yako yanatuua. Masika yakiingia, rundo lote hili litashuka, na mwanangu hatapona. Nakuomba uweke tuta."

"Alaa! Kwani mvua naileta mimi? Maji yanateremka yenyewe. Umeniona nikiyasukuma? Potea hapa kabla sijakukanyaga!"

Ngiri akacheka, hi hi hi! Bi Pimbi aliinamisha kichwa, machozi yakimlenga. Hapo ndipo alipouona ufa kwenye jabali. Ufa ule ulipenya ndani ya mlima mpaka chini kabisa ya shimo la Kifaru, na pimbi wote waliujua.

Sasa sikilizeni vizuri. Wachimbaji wana miiko yao, na mkubwa kuliko yote ni huu: shimoni hapapigwi mluzi. Wanasema dhahabu ina mwenyewe. Ukisikia mluzi shimoni na shimoni hamna mtu, ujue dhahabu imeinuka, inataka kuhama. Mchimbaji asiyemwogopa hata chui, mluzi huo humkausha mate.

Kesho yake asubuhi ukungu ulifunika mlima wote. Ngiri alikuwa anashuka shimoni na ndoo yake.

Fyuuuuu.

"Mzee, umepiga mluzi?"

"Nina wazimu mimi?"

Fyuuuuu. Ulitoka chini, kwenye giza.

"Mama yangu weee!" Ngiri alitupa ndoo, akatoka mbio, mkia juu. Kifaru akabaki peke yake mdomoni mwa shimo.

"Na... nani huko?"

"Mwenyewe," sauti ikajibu. Ilikuwa nyembamba, huwezi kujua ni ya kikongwe au ya mtoto.

"Unataka nini?"

"Nahama."

"Unahamia wapi, jamani?"

"Mtoni. Kila mvua inaponyesha, nateremka kidogo na matope yako. Masika yakiingia, nateremka mzima mzima. Kwaheri, Kifaru."

"Usiende! Nakusihi, usiende!"

Lilidondoka tone moja la maji, to! Halafu hata matone yakakoma.

Kifaru alipogeuka, akamwona Bi Pimbi anapita na mzigo wa kuni kichwani, anajikung'uta vumbi.

"He, Mzee! Mbona watetemeka? Homa?"

"Wee Pimbi, hebu niambie. Matope unayazuiaje yasiteremke?"

"Mambo ya migodi siyajui, Mzee wangu. Mimi najua mtungi. Maji machafu nikiyaacha yatulie, tope linakaa chini, nachota ya juu."

"Ngiri! Rudi hapa, mwoga we! Tunajenga tuta! Tunachimba bwawa! La, mabwawa matatu, moja chini ya lingine!"

"Na maji ya mvua kutoka kileleni," Bi Pimbi alisema kwa upole, "yangepitishwa kando, yasingeligusa rundo."

"Na mfereji wa kando! Haya, fanya hima!"

Walichimba mpaka Ngiri akalia. Udongo wa tuta ulikuwa haujakauka vizuri masika yalipoanguka, mchana kweupe ukawa giza. Bi Pimbi alimpakata Kidawa, akawa anasikiliza kama mlima unaporomoka.

"Shika, tuta," alinong'ona. "Shika, usimwue mwanangu."

Tuta lilishika. Mvua ilipokatika, maji ya mtoni yaliendelea kupita, yakapungua rangi ya kutu, yakawa maji. Siku ikaja chura mmoja akathubutu, kroo! Mwingine akamjibu. Kidawa akanywa mpaka tumbo likavimba, na Bi Pimbi akalia kwa furaha bila kuona haya.

Tangu hapo, kila mawingu yakikusanyika, Kifaru husimama juu ya shimo na kuita, "Upo?" Na Bi Pimbi, ndani ya ufa, hujibu, "Nipo. Linda tuta." Kisha hucheka njia nzima kurudi nyumbani.

Siku moja mawingu yalikusanyika naye hakwenda. Tangu alfajiri alikuwa mtoni na Kidawa, wanafua. Ngiri akaja kuchota maji.

"Habari za mlimani?" Bi Pimbi aliuliza.

"Njema. Mzee kaita shimoni sasa hivi. Kajibiwa."

Nguo ikamponyoka Bi Pimbi mkononi, ikachukuliwa na maji. "Kajibiwa... nini?"

"'Nipo. Linda tuta.' Kama kawaida. Ila leo sauti imeongeza neno." Ngiri alijikuna shingo. "Imesema, 'Na yule mdogo mwambieni ahsante, lakini asiingie tena nyumbani kwangu.' Sijui mdogo gani."

Bi Pimbi alimbeba Kidawa, akaenda zake nyumbani bila kugeuka nyuma, na ule ufa hakuukaribia tena mpaka kufa kwake. Tuta lipo hadi leo.

Basi wanangu, maji unayoyachafua huku juu yana anayeyanywa kule chini, na ardhi unayoichimba ina anayekusikiliza.