Kiitikio cha Kiboko

Ngano, ngano!

— Ije tuisikie!

Ni ya kweli?

— Tutajua mwishoni!

Mmeitikia upesi mno. Mna lenu jambo. Haya.

Hapo kale Mwalimu Korongo alikuwa na chuo cha muziki kando ya bwawa. Mwaka huo ilibaki nafasi moja, na walioitaka walikuwa wawili: Kiboko na Chiriku, yule ndege mdogo asiyejua kunyamaza. Wakaambiwa kila mmoja achague wimbo wake, aje auimbe Ijumaa. Lakini wiki hiyohiyo matikiti ya Korongo yakaliwa yote, nyama na mbegu. Korongo akasema, "Mwizi haingii chuoni kwangu." Basi kila mmoja akawa anamtazama mwenzake mdomoni.

Kiboko hakuchagua wimbo. Mvivu yule! Alikwenda kwa Chiriku, tii, tii, tii, akajificha nyuma ya matete asikilize. Chiriku akatazama. Matete gani haya yana masikio? Akajua. Akaimba polepole, tena na tena:

"Ni mimi, ni mimi! Mwingine hakuna, ni mimi!"

"Wimbo mtamu," Kiboko akajisemea. "Sasa ni wangu."

Ijumaa ikafika. Kiboko akamsukuma Chiriku, pu! Akatangulia yeye. Akanguruma, "Ni mimi, ni mimi! Mwingine hakuna, ni mimi!"

Korongo akainamisha shingo. "Mbona hiki ni kiitikio kitupu? Mwenye kuanzisha yuko wapi?"

"Nipo, Mwalimu," akasema Chiriku. "Nimsaidie mwenzangu?"

"Msaidie."

Chiri-chiri-chiri! "Nani kala matikiti ya Mwalimu?"

"Ni mimi, ni mimi!" Kiboko alikuwa amenogewa, macho kafumba.

"Na mbegu zake, nani kazitafuna?"

"Mwingine hakuna, ni mimi!"

Korongo akainua shingo. Kiboko akafumbua macho. "Mwalimu, nyama ndiyo, lakini mbegu mimi si—"

Nani wa kumsikiliza? Akafukuzwa, chubwi! bwawani. Hata leo ukipita utamwona, katoa masikio tu.

Nafasi akapata Chiriku. Akafungua mdomo ashukuru, "Asante, Mwa—" Ikadondoka mbegu moja, nyeusi. Akaikanyaga upesi.

Ngano yangu imefika hapo. Aliyeipenda aichukue, mwenye shaka aondoke nayo. Na funzo lake, watoto, ni hili: usiibe wimbo wa mwenzako. Matikiti? Mimi sijasema kitu juu ya matikiti. Mbona mnanitazama mdomoni?