Fundi Aliyejiandika Mlezi

Tulieni kidogo, wapendwa. Nyie wa nyuma mnaochati nawaona, simu mfukoni. Leo sina hubiri refu, nina fundi mmoja tu.

Kulikuwa na fundi ujenzi, jamaa wa miaka arobaini na sita, viganja vimekomaa kama soli ya kandambili. Huyu jamaa zamani alikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili, kichwa kinachemka. Baba yake akafariki. Mama akamwita, akamwambia, "Mwanangu, rudi nyumbani ulee wadogo zako." Akarudi. Akashika mwiko, akachanganya zege, wadogo zake wanne wakasoma mpaka wakamaliza. Yeye je? Vitabu vyake aliviweka juu ya kabati, panya wakasoma kwa niaba yake.

Siku moja kapata kazi ya kupiga plasta jengo jipya. Wapi? Chuoni kulekule! Yuko juu ya jukwaa anapiga ukuta, dirisha la pili anamsikia mwalimu anafundisha somo lile lile aliloliachia njiani. Mwiko ukasimama. Akasema, "Mimi narudi." Hakusema nitajaribu, wapendwa. Alisema narudi.

Ila hela hana. Akasikia kuna mfuko unawafadhili watu walioacha chuo kwa shida, hata wenye umri mkubwa. Akaenda. Kafika dirishani, dada wa ofisini akamwambia, "Karibu, baba. Fomu ya mtoto umekuja nayo?"

"Mtoto mwenyewe ndo mimi."

Foleni nzima ikacheka. Kijana mmoja akadakia, "Shikamoo, mwaka wa kwanza!"

"Marahaba," jamaa akamjibu. "Ila mimi ni mwaka wa pili. Heshimu mkubwa wako."

Hakutoka kwenye foleni. Akapewa fomu.

Sasa hapa msilale. Kwenye fomu kulikuwa na mstari umeandikwa: mzazi au mlezi atakayehakikisha mwanafunzi anahudhuria masomo. Jamaa akausoma, akacheka peke yake. Mimi nimelea ukoo mzima, wa kunilea mimi ni nani? Akaandika jina lake mwenyewe, akasaini.

Fomu ikarudi. Akachukua nyingine, akaandika jina lile lile kwa herufi kubwa, labda walikuwa hawajaliona. Ikarudi tena. Dada akamwambia, "Baba, mtu hajidhamini mwenyewe. Na Ijumaa saa tisa tunafunga dirisha. Hivi kweli huna mtu?"

Niwaulize na nyie: hakuwa na mtu? Mama yake yuko hai, anauza vitumbua, mwendo wa nusu saa kwa mguu! Sasa kwa nini haendi? Ah, msiniangalie hivyo, mnajua kwa nini. Umeshakuwa mkubwa, watu wanakuamkia mtaani, wewe ndo unayetoa kwenye kila msiba. Unaanzaje kwenda kusema, mama, nishike mkono? Tena huyu alikuwa na lake moyoni. Miaka ishirini na tano alimpelekea mama yake unga, akampelekea sukari, nyumba akaiezeka bati. Lakini habari za chuo hakuwahi kuzitaja. Lile neno "rudi nyumbani" lilikuwa bado limemkwama kooni kama mwiba wa sato.

Alhamisi hakwenda. Ijumaa saa nne akatupa mwiko, akaenda.

Mama yuko mbele ya kikaango. Alipoona ile karatasi yenye nembo ya chuo, kijiko akakiweka chini.

"Umekuja kunisuta, baba? Najua. Ni mimi niliyekutoa shule."

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba ruhusa. Naenda shule."

Vitumbua vikaungua vyote, na mama yule hajawahi kuunguza kitumbua tangu mtaa ule uanze. Halafu akajifunga kanga. "Twende," akasema. "Ila nenda kaoge kwanza. Una saruji masikioni."

Wakafika saa nane na nusu. Mama kalamu haijui, akaweka dole gumba. Dada wa ofisini akamtazama bibi, akautazama ule mstari, akauliza taratibu, "Bibi yangu, huyu ni mtu mzima, ana mvi. Wewe utahakikishaje kwamba anahudhuria masomo?"

Bibi akamshangaa. "Alipokuwa darasa la kwanza nilimwamsha kila siku saa kumi na moja alfajiri. Nitamwamsha. Na akitoroka, mlango wa hapa nimeshaujua."

Kwenye foleni hakucheka mtu. Muhuri ukagongwa.

Naona mnampigia makofi bibi. Ngojeni kwanza, makofi yawekeni. Hebu niambieni: ile fomu ilikwama wapi? Pesa ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Umri haukumzuia mtu. Watu walicheka, na kicheko hakikuchana karatasi. Ilikwama kwenye mstari mmoja, na aliyeukwamisha ni mwombaji mwenyewe kwa mkono wake!

Wapendwa, ndo sisi hawa. Pale palipoandikwa Baba, tumeandika majina yetu. Tunaomba kwa Mungu huku tumejidhamini wenyewe, halafu tukikosa tunasema mbinguni kuna upendeleo. Kuna mtu hapa Neno lilimgusa akiwa kijana, akaliachia njiani, sasa anaona aibu kuanza upya mbele ya watoto. Kuna mwingine ana kinyongo na Mungu, kwamba mwaka ule ulinitoa kwenye njia yangu. Unampelekea sadaka kila Jumapili, lile la moyoni hulitaji. Yuko hai, ndugu yangu! Nusu saa kwa mguu! Mpaka lini unampitia kwa mbali?

Na wewe uliyeacha shule kweli, ile ya madaftari, usijifiche nyuma ya mfano. Kesho Jumatatu ofisi zinafunguliwa. Nenda kapange foleni. Wakikucheka, itikia marahaba, baki palepale.

Tusimame, tufute majina yetu kwenye ule mstari kabla ya saa tisa. Mwenye masikio, atoe saruji kwanza.