Balozi Nguchiro na Foleni ya Mamba

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie, ikae!
Imekuja na uongo.
— Ipite nao. Ukweli tunao humu ndani.

Basi, katika Kisiwa cha Mvua alikuwako Nguchiro, mtumishi wa Simba mzee. Alianza kazi kwa kumshikia balozi mwavuli. Akapanda, akawa karani. Akapanda, akawa naibu. Akapanda, akawa balozi. Kila alipopanda, mkewe alifunga mizigo, wakahama. Siri ya kupanda kwake ilikuwa moja: hakuwahi kusema hapana.

Simba akampeleka ng'ambo, katika nchi kavu ya Mamba. Mamba alikuwa amelala mtoni, mahali pekee pa kunywea maji katika nchi ile, akisema, "Maji yangu, matope yangu, kiu yenu." Balozi aliyetangulia alimwambia hapana. Hakurudi.

"Nami nisiporudi?" Nguchiro akamwuliza mkewe.

"Utarudi, mume wangu. Tangu unioe hujaniambia hapana, wala hujafanya hata moja nililokuomba. Mfanyie Mamba hivyo hivyo. Mwavuli wako huu."

Mtoni aliwakuta wanyama wamepanga foleni ya maji, wa kwanza Bi Swala na mwanawe. Ulimi wa mtoto umekauka, hawezi hata kulia.

"Bwana Balozi, huyu hafiki jioni."

Nguchiro akainama. "Shikamoo, Mtukufu Mamba."

"Marahaba, kitoweo. Umekuja kuniambia nitoke?"

"Nani athubutu? Nimestaajabu tu kukuona mbele. Kwetu wanyonge ndio hukaa mbele ya foleni. Mkubwa hukaa mwisho kabisa, na hakuna asimamaye nyuma yake."

Mamba akafumba jicho moja. "Simba wenu hukaa wapi?"

"Mwisho. Lakini foleni yake ni fupi."

"Yangu itakuwa ndefu!"

Mamba akatoka majini, kwaru, kwaru, kwaru, akasimama nyuma ya wote. Mtoto wa Swala akanywa, gugu, gugu, gugu. Akarudi kupanga foleni tena, akaingia mbele ya Mamba. Mamba akarudi nyuma, kwaru. Akanywa Ngiri, gugu, gugu, gugu. Akarudi, akaingia mbele ya Mamba. Habari zikaenea. Wakaja Nyumbu, wakaja Pundamilia, wote wakaingia mbele ya Mamba. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka akafika juu ya mwamba, jua la utosi.

"We Balozi! Zamu yangu bado?"

"Inazingatiwa, Mtukufu. Tazama foleni yako ilivyo ndefu!"

"Kweli, ndefu," akasema Mamba, mate yamemkauka.

Nguchiro akampelekea Simba habari: "Mazungumzo yalikuwa ya kirafiki." Akapewa nishani. Mkewe akaitundika jikoni, kando ya mwavuli, akamwomba tena kwamba sasa watulie mahali pamoja.

"Inazingatiwa, mke wangu," akajibu Nguchiro.

Funzo: mvumilivu hula mbivu. Mkimwona Mamba ukingoni, ameachama juani, msimcheke. Anangoja zamu.

Hadithi inaaga!
— Nenda salama. Uongo tuachie.