Kamba ya Katani

Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2023, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, ndiyo siku mambo ya Kassimu yalipokwenda mrama. Asubuhi, kwenye machimbo ya jasi huko Makanya, alimwambia msimamizi kwamba kamba ya shimoni imelika. Msimamizi akacheka, "Hiyo inavuta hata ng'ombe, itashindwa na mkeo?" Adhuhuri Kassimu alikuwa akimvuta mkewe, Fadhila, atoke shimoni. Ghafla kamba ikawa nyepesi mikononi mwake kama unyoya. Fadhila hakutoka akiwa hai.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile Kassimu hakushika kamba. Mbuzi wake aliwafunga kwa vipande vya neti ya mbu, majirani wakamcheka hadi wakachoka. Wakubwa wa machimbo walikuja msibani, wakala pilau, wakasema ajali haina kinga, wakapanda gari lao. Basi.

Mwaka huu Yasmini, binti wa mdogo wake, akamjia na simu mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hiyo simu iweke mbali kwanza."

"Kuna shindano la video fupi Same mjini, kuhusu namna michezo inavyoondoa hofu. Nataka uingie kwenye timu yetu ya kuvuta kamba."

"Kamba? Umetumwa uniue?"

"Nataka watu wakuone ukiishika."

Kassimu aliwatazama mbuzi wake waliofungwa kwa neti. "Nitavuta," akasema mwishowe. "Ila nikimaliza, unirekodi nikiuliza kwa nini kamba mbovu iliachwa shimoni. Wakubwa wasikie huko huko Same."

"Nimekubali, baba mkubwa."

Siku ya mchezo, timu ya Makanya ilipambana na vijana wa shamba la mkonge. Kassimu aliwekwa mkiani. Viganja vilimlowa jasho, akavipangusa kwenye suruali. Filimbi ilipolia, akaishika kamba, na lo! mikono ikakumbuka kazi yake.

"Vuta, mzee! Leo unakula wali!" watu wakapiga kelele.

Akavuta huku akicheka kama mtoto. Yasmini naye akarekodi.

Ndipo vijana wa mkonge, kwa utani wao wa siku zote, wakaiachia kamba kwa pamoja. Timu nzima ya Makanya ikaanguka chali. Uwanja ukavunjika mbavu. Lakini Kassimu, kamba nyepesi mkononi, aliinuka akakimbia hadi kwenye ncha yake, akapiga magoti, akaanza kufukua vumbi kwa kucha.

"Fadhila! Shika, mke wangu! Shika!"

Kicheko kikakatika. Yasmini alilia, lakini ahadi ni deni. Kassimu alipotulia, uso mweupe kwa vumbi, aliuliza swali lake mbele ya simu, neno kwa neno.

Video ikashinda. Kabla ya kuionyesha, Humphrey, ofisa aliyesimamia shindano, aliikata. Akabakiza mzee anayevuta na kucheka, akaandika chini: HOFU IMESHINDWA.

"Swali langu liko wapi?" Kassimu alimuuliza Yasmini.

"Wamesema si la michezo, baba mkubwa. Nimewabishia mpaka nikafukuzwa ofisini."

Kassimu alijitazama kwenye simu tena na tena. Alipokuwa akivuta hakuogopa. Hilo lilikuwa kweli. Kamba ilipoachiwa alimwita marehemu. Hilo nalo lilikuwa kweli. Sasa yeye ni yupi? Barabarani watu walimpa mkono, "Hongera, shujaa!" Akaitikia, asijue anapongezwa kwa lipi. Jioni alijaribu kumfunga mbuzi mmoja kwa kamba. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, kisha akakaa chini kando ya mbuzi, haelewi kama amepona au amechekwa.

Kweli, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; lakini nyoka mwenyewe, nani amewahi kutumwa amtafute?