Mji Ambako Mtu Habebi Mama Yake

Wapendwa, leo nawapandisha mlima. Na wewe ndugu wa benchi la nyuma, simu mfukoni, huko hakuna mtandao.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyempeleka mama yake kumwona dada wa mama huyo, aliyekuwa mgonjwa. Safari ya wikiendi tu: Jumamosi kwenda, Jumapili kurudi. Kina mama hawa walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa, na mgonjwa hali yake haikuwa ya kusubiri mwezi ujao. Sasa, mji wenyewe uko juu kabisa, na gari haliingii. Hata pikipiki! Magari yote yanaachwa bondeni, mwenye magoti anapanda. Je, bibi wa miaka themanini? Hapo ndipo na mimi nilipotega sikio.

Kumbe kule wana viti vyenye mikanda. Unakivaa mgongoni, mzee anaketi, mnapanda. Bwana akakimbilia kiti. Mama msimamizi akamzuia.

"Hapa mtu habebi mzazi wake, baba. Mchukue mzee yule."

"Mbona simjui?"

"Na yeye hakujui. Mama yako atabebwa, usihofu."

Sheria gani hii, jamani? Ungekuwa wewe ungekubali? Bwana alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine, lakini alinuna. Akapanda mbiombio ili amalize, anarukaruka mawe, kiti kinayumba, magoti ya mzee yanagonga miamba.

"Taratibu, mwanangu," mzee akaguna.

"Vumilia, mzee! Mimi si punda wako."

Kwenye kona akasimama kumsubiri mama yake. Punde akamwona anakuja, mgongoni mwa mwanamume mmoja anayechagua kila pa kukanyaga. Mama anacheka! Bwana moyo ukatulia. "Ahsante sana, ndugu. Unambeba vizuri mno."

Yule akasimama, akafuta jasho. "Nambeba kama ninavyotamani baba yangu abebwe. Huyo hapo mgongoni kwako."

Lahaula! Bwana aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. "Nisamehe, mzee," akasema. Mzee akajibu, "Haya, twende. Bado kona nne." Na kona hizo nne zilipandwa polepole sana.

Ndugu zangu, sisi hatukai mlimani, lakini sheria ni hiyohiyo. Wewe muuguzi, yule bibi uliyemfokea Ijumaa kwa sababu hakusikia jina lake likiitwa, ana mwana. Wewe mwalimu, mtoto uliyemwita mjinga mbele ya wenzake ana mama. Mimi mwenyewe, mchungaji wenu, wiki hii nilimwambia mjane mmoja arudi kesho, nilikuwa nimechoka. Nani alimtuma kwangu kama si Mungu?

Tunawabeba wasio wetu, na wetu wamebebwa na wengine. Basi nakuuliza wewe uliyeketi hapo: saa hii, mama yako yuko mgongoni kwa nani?